Siku mbili kabla ya mstari wa kwanza

Nyinyi waandishi wa programu mnaijua siku ya kwanza kazini. Mtu anakabidhiwa tarakilishi mpya, anaambiwa apakue msimbo wa mradi, kisha siku mbili zinapita hajaandika hata mstari mmoja. Anasakinisha lugha, hifadhidata na maktaba chungu nzima. Akikwama anamuuliza jirani, "Wewe ulifanyaje?" Jirani naye ameshasahau. Maradhi haya ni ya zamani, na historia ya dawa zake naipenda kuliko hata historia ya lugha zenyewe.

Mimi huianzia 1976, Bell Labs, Marekani. Steve Johnson, mtunzi wa yacc, alimwendea Stuart Feldman akilalamika. Asubuhi nzima alikuwa akisaka kosa ndani ya programu iliyo sahihi! Kosa alishalirekebisha, ila faili haikukompailiwa upya, kwa hiyo aliyokuwa akiijaribu ni programu ya zamani. Feldman naye yalikuwa yamemkuta yayo hayo jioni iliyotangulia. Wikendi hiyo akaanza kuandika Make. Unaieleza katika faili kwamba kitu hiki kinategemea kile, nayo inalinganisha nyakati za faili na kutengeneza upya kile tu kilichopitwa.

Kuna kituko hapa. Mstari wa amri ndani ya Makefile huanza kwa kitufe cha Tab, si kwa nafasi za kawaida. Jicho halioni tofauti, programu inagoma. Feldman aliijua kasoro hiyo mapema, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja, wengi wao rafiki zake, na hakutaka kuwavurugia. Kwa ajili ya watu dazeni moja, dunia nzima inabonyeza Tab mpaka leo. Hilo halikuizuia ACM kumpa Feldman tuzo mwaka 2003, na alistahili.

Make iliujua mradi, haikuijua mashine. Mwaka 1993 Mark Burgess, akiwa Oslo, alianzisha CFEngine, na wazo lake ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote: usiandike hatua, eleza hali unayoitaka. Ukiiendesha mara moja au mara kumi, mashine inaishia pale pale. Puppet ilifuata 2005, Chef 2009. Zote hizo zilitungwa zaidi kwa wasimamizi wa seva. Mwandishi wa programu na kipakatalishi chake aliendelea kumuuliza jirani.

Mwaka 2010 Mitchell Hashimoto akatoa Vagrant. Faili moja ndani ya mradi, amri moja, na tarakilishi bandia inazaliwa ndani ya yako ikiwa na kila kitu. Machi 2013 Solomon Hykes akaionyesha Docker kwenye mkutano wa PyCon kwa hotuba ya dakika 5. Kontena zake ni nyepesi zaidi kwa kuwa zinatumia kiini kile kile cha Linux cha mashine inayozibeba.

Sasa tuje nyumbani. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa 2009. Kabla ya hapo Kenya iliwasiliana na dunia kwa setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Kwa hiyo Vagrant ilitukuta intaneti ya kasi ndiyo kwanza inaingia, nayo ikadai mamia ya megabaiti kabla hujafanya lolote. "Amri moja" ilikuwa kweli kwa aliyeiandika. Kwa mwanagenzi anayenunua bando kwa pesa zake, muda uliookolewa uligeuka gharama ya mtandao, na mpaka leo anaendelea kuilipa. Otomatiki inayohitaji waya mnene mimi siihesabu kuwa imekamilika.

Dawa ipo na ni ya bure. Amri ya docker save inaigeuza taswira nzima kuwa faili moja; unaiweka kwenye flashi, na docker load inaifungua upande wa pili bila kugusa intaneti. Katika miradi ninayosimamia, flashi hiyo hukaa droo ya mezani, na tarehe ya mwisho ya kuihuisha imeandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Mgeni anapewa hiyo kwanza, kisha nywila ya mtandao.