Shilingi 3,000 za kupigia kura

Nilipokuwa nikifundisha historia kidato cha tatu, sura ya kudai uhuru ilikuwa rahisi kupita kiasi. TANU 1954, Tabora 1958, uhuru 1961. Wanafunzi walikariri, wakafaulu, wakasahau. Siku moja nikafunga kitabu, nikaketi mezani na daftari kubwa mbele yangu. Nikawaambia: mwaka ni 1958, mimi ndiye afisa wa kuandikisha wapiga kura, nyinyi pangeni foleni. Tujalie kila mmoja ametimiza miaka 21.

"Umesoma hadi darasa la ngapi?" Wote wakapita, maana darasa la nane lilitosha. Wakachekelea. "Haya, nyuma yako amesimama mama yako." Kicheko kikakatika. Msichana mmoja, mama yake akiuza maandazi stendi na shule aliiacha mapema, akauliza kama biashara haihesabiwi. Inahesabiwa, nikamwambia, mradi imwingizie pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule. Au awe na cheo kinachotambuliwa na serikali, kama uchifu.

"Basi mama hapigi, mwalimu."

Hapigi. Na hakuwa peke yake: katika nchi ya watu karibu milioni tisa, walioandikishwa hawakufika 60,000.

Hao wachache nao walikabidhiwa kura ya ajabu. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu katika Baraza la Kutunga Sheria: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuchagua watatu, mmoja kwa kila rangi. Akimchagua mtu wake mmoja tu na kuacha wengine, karatasi imeharibika. Wazungu waliozidi kidogo 20,000 wakawa na viti sawasawa na Waafrika zaidi ya milioni nane. Darasa langu lilipopiga hesabu hiyo ubaoni, sikuhitaji kueleza tena maana ya ubaguzi.

Kwa hiyo wajumbe wengi wa TANU walifika kwenye mkutano wa chama chao Tabora Januari 1958 wakiwa wamekwisha kata shauri: tususie. Julius Nyerere akashika upande wa pili. Hakuupenda mfumo ule, ila aliona kwamba TANU ikikaa pembeni, viti vitaokotwa na UTP, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Edward Twining. Alishinda hoja. Mwanachama mwenzake, Zuberi Mtemvu, hakukubali, akatoka na kuunda chama chake, African National Congress.

Vitabu vya shule humpitia Mtemvu haraka, na hapo navilaumu. Hoja yake kwamba kura ile ilikuwa tusi kwa Mwafrika ilikuwa ya kweli. Nyerere mwenyewe asingeipinga. Walichotofautiana ni njia. Mwalimu wa historia akiligawa darasa pande mbili, Tabora inaacha kuwa tarehe ya mtihani. Langu lilibishana hadi kengele ikalia, na wa kususia ndio waliokuwa wengi.

Agosti mwaka huohuo, wiki chache kabla ya upigaji kura kuanza, Nyerere alitiwa hatiani Dar es Salaam kwa kashfa iliyoandikwa katika gazeti la chama. Faini: pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Ndiyo, pauni zilezile zilizompa mtu haki ya kupiga kura. Alilipa.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU haikuiogopa kura tatu, iliigeuza. Iliwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo, na Jimbo la Kaskazini likawapeleka barazani Sophia Mustafa na Derek Bryceson. UTP ikazama. Mtego uliotegwa kuigawa nchi kwa rangi ukawanasa walioutega.

Masharti yakalegezwa. Uchaguzi wa Agosti 1960 ulimkubali anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au mwenye pato la pauni 75, na TANU ikachukua viti 70 kati ya 71. Novemba 1962, katika uchaguzi wa rais, mpinzani wa Nyerere alikuwa Mtemvu yuleyule. Alipata kura kama 21,000 dhidi ya zaidi ya 1,100,000. Muuza maandazi sasa angeweza kupiga.

Kazi ya nyumbani niliyotoa siku ile ilikuwa fupi: mtafute mzee, umuulize alipiga kura lini kwa mara ya kwanza na aliulizwa nini kabla ya kuandikishwa. Walimu wenzangu, naomba muitoe muhula huu. Aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1958 alizaliwa 1937.