Chumba cha Gari

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unaishi gereji, atakuangalia mikono kwanza kama ina grisi. Kwa Kiswahili cha mjini gereji ni mahali pa mafundi: boneti zimefunguliwa, spana zimetapakaa chini ya mwembe, redio inaimba. Kile chumba cha kulaza gari nyumbani hakijawahi kupata jina lililotulia. Wapo wanaosema banda la gari, wapo wanaoazima neno hilohilo la gereji na kuacha mazungumzo yajifafanue yenyewe. Madalali, ambao siku hizi ndio wanaokitafutia wapangaji, wameamua kutokitaja kabisa. Tangazo lao husema "masta ya kujitegemea, ndani ya fensi, pa kuegesha gari papo." Yaani mtu atakayelala pa gari anahakikishiwa kwamba gari lake, kama analo, halitakosa pa kulala.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikiangalia ramani za nyumba kuliko nilivyoangalia vitabu. Kugeuza gereji kuwa chumba huzungumzwa kama jambo la juzi, dalili ya uhaba wa vyumba kwa wanafunzi na vijana wanaoanza maisha. Naliona ni la zamani kuliko hapo. Ni namna nyumba ya Uzunguni ilivyolazimika kwenda kujifunza Uswahilini.

Majina hayo yana historia yake. Waingereza waliugawa mji katika kanda tatu za ujenzi, wakifuata njia iliyokwisha kuanzwa na Wajerumani, na wenyeji wakazipa majina yaliyo wazi kuliko yale ya sheria: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kwenye karatasi hapakuandikwa rangi ya mtu. Paliandikwa aina ya jengo. Kanda ya kwanza ilitaka majengo ya aina ya Ulaya, na asiyeweza kujenga hivyo akajua pale si pake. Mpango mkuu wa mwaka 1949, ulioandaliwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, uliisafisha lugha zaidi: ukazungumzia msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Oysterbay ikawa msongamano mdogo. Majina ya watu yaliondoka, ukubwa wa viwanja ukabaki, na baada ya Uhuru wakubwa wetu wa serikalini waliingia katika viwanja vilevile wakakuta kila kitu kimekwisha kupangwa.

Kilichopangwa kilikuwa hivi: nyumba katikati ya bustani, gereji ubavuni au mwisho wa njia ya gari, na nyuma kabisa, karibu na kamba za kuanikia nguo, boi kota. Waafrika wa tabaka la kati waliendelea kuinakili ramani hiyo miaka mingi baada ya Wazungu kuondoka, pamoja na boi kota yake na jina lake baya. Kwenye ramani ya nyumba ya babu yangu, iliyogongwa muhuri mwaka 1978, gereji ina mita 3.1 kwa 5.6. Boi kota ina mita 2.7 kwa 3. Piga hesabu. Gari lilipewa zaidi ya mara mbili ya eneo la binadamu, na gari lenyewe lilikuwa halijanunuliwa.

Linganisha na nyumba ya Kiswahili ya Ilala au Magomeni. Korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo, mbele baraza. Nyumba hiyo haihitaji kugeuzwa. Kijana akioa, anapewa chumba. Mambo yakiwa magumu, chumba kinapangishwa, na mwenye nyumba na mpangaji wanakutana asubuhi kwenye foleni ya choo. Wapangaji wa miji wa enzi ya ukoloni waliiona ni nyumba ya kubanana. Kwangu ni nyumba iliyojengwa na watu waliojua kwamba kipato hupanda na kushuka, na kwamba ndugu hawapigi hodi kwa mpangilio.

Babu hakutaka nyumba ya namna hiyo. Alikulia ndani ya moja, akataka bustani. Kiwanja alikipata Mikocheni, kupitia mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia miaka ya 1970, uleule uliogusa Sinza na Kijitonyama. Mradi ulikusudiwa watu wa kipato cha chini. Mikocheni ilijaa watumishi. Babu alikuwa mkuu wa kitengo kidogo bandarini, na mtu wa cheo hicho, kwa fikra za wakati ule, anajenga nyumba yenye gereji hata kama anapanda basi.

Familia ilihamia mwaka 1981, na sijui kama umepata kuwapo mwaka mbaya kuliko huo wa kununua gari. Vita vya Kagera vilikuwa vimemalizika mwaka 1979, mwaka uleule bei ya mafuta iliporuka duniani. Fedha za kigeni hazikuwapo, vipuri havikuwapo, na hata tairi lilikuwa jambo la kujuana na mtu. Shangazi anakumbuka Jumapili ambazo magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani kuanzia alasiri. Anasema kwao ilikuwa sikukuu, kwa sababu siku hiyo wenye magari nao walitembea kwa miguu kama wao.

Kwa hiyo gereji ikapokea vitu vingine. Mkaa, baiskeli, madebe ya maji. Kisha kuku mia wa mayai. Mtafiti Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam, ameeleza jinsi mishahara ilivyonyauka miaka ile hadi watumishi wenye vyeo wakaishi kwa miradi ya pembeni: kufuga, kushona, kuuza maandazi. Nilipokisoma nilikuwa kama ninayesoma kuhusu nyumbani. Bibi ndiye aliyeendesha kuku, babu akiendelea kuvaa suti ya Kaunda kwenda kazini, na ada za shule zilitoka kwenye trei za mayai. Baadaye, mwaka 1985, baba mdogo alikuja kutoka kijijini kutafuta kazi, kuku wakahamishiwa kwenye banda la mabati uani, na yeye akalazwa kwenye sakafu iliyokuwa bado inanuka. Huyo ndiye binadamu wa kwanza kulala katika chumba kile. Hakulipa kitu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alipewa ndoo ya kunyweshea kuku.

Swali linalonivutia ni kwa nini hakulala mpangaji. Hela ilihitajika kuliko wakati wowote. Jibu, naamini, liko kwenye Azimio la Arusha la mwaka 1967. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi wa chama au wa serikali kuwa na nyumba ya kupangisha, na kiongozi hapo hakuwa waziri tu. Masharti yaliwashuka hadi watumishi wa ngazi ya kati na wa mashirika ya umma. Kisha mwaka 1971 ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo, na nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Gereji moja ya Mikocheni isingemvutia Msajili. Lakini neno lenyewe "mpangaji" lilikuwa limekwisha kupata harufu. Mwenye nyumba wa kupangisha alikuwa mnyonyaji kwenye katuni za magazeti, na babu, aliyehifadhi kadi yake ya chama ndani ya Msahafu, hakutaka kuonekana hivyo na jirani yake. Ndugu alikuwa ruksa. Kuku walikuwa ruksa.

Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti yale. Mwaka 1993 babu alimwita fundi. Kwa maoni yangu tarehe hizi mbili, 1967 na 1991, zinaeleza habari za gereji za watumishi wa mji huu kuliko takwimu yoyote ya ongezeko la watu, na ajabu ni kwamba sijazikuta pamoja katika maandishi ya historia ya makazi niliyosoma. Tunaandika juu ya Azimio kana kwamba liliishia kwenye mabenki na mashamba ya mkonge. Liliingia hadi kwenye kitasa cha mlango wa gereji.

Kazi ya fundi inaonekana hadi leo, kwa kuwa gereji haikubali kusahau. Dondosha gololi kwenye sakafu ya chumba kile: itabingirika kuelekea dirishani, mahali palipokuwa na mlango mkubwa, kwa sababu jamvi la gereji humwagwa kwa mteremko ili maji na mafuta yatoke nje. Fundi mwenye hela za kutosha huongeza zege na kusawazisha. Wetu alitandika zulia la plastiki. Chini ya jamvi hapakuwekwa nailoni ya kuzuia unyevu, maana gari haliumwi kifua, kwa hiyo kila masika ukuta hutoa chumvi na plasta huvimba na kudondoka kama magamba. Uwazi wa mlango ulizibwa kwa matofali ya saruji chini ya linta ile ndefu ya zamani, lakini matofali mapya hayakufungwa na nguzo za kale, hivyo ufa umesimama wima pande zote mbili, umenyooka kama umepigwa rula. Ukisimama nje jua la jioni likiwa limelala, unaiona kabisa sura ya mlango wa gari ndani ya ukuta.

Choo ndicho kilichokuwa kazi kubwa, na ndicho kinachotofautisha chumba cha kulala ndugu na chumba cha kupangisha. Gereji iko mbele, karo liko nyuma. Bomba lilibidi lizunguke nyumba nzima kwa mteremko mdogo, na karo lililokadiriwa kwa familia moja likaanza kupokea ya kaya mbili. Gari la maji taka likaanza kuitwa kila mwaka. Hapo ndipo Uzunguni na Uswahilini zinapokutana kwa hakika, chini ya ardhi, kwenye chemba.

Kwenye karatasi hakuna lililotokea. Kubadilisha jengo kunahitaji kibali cha halmashauri, na faili la nyumba yetu lina ramani moja tu, ile ya 1978. Mwanahistoria anayetegemea nyaraka ataandika kwamba kwenye kiwanja hiki kuna gereji. Angetufuata hivyo kwa miaka thelathini na angekuwa na ushahidi wenye muhuri.

Wanaojua zaidi ni watu wa umeme. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia Luku, mtu anaponunua umeme. Ni kiasi kidogo kwa mwezi, na kodi ni ya mwenye nyumba, lakini anayeingiza tokeni ndiye anayekatwa, na mara nyingi huyo ni mpangaji. Mpangaji wetu, mwalimu wa shule ya msingi ambaye amekaa mle miaka kumi na moja na kulea watoto wawili, alitupigia simu mwezi wa kwanza kuuliza hela yake imekwenda wapi. Ana mita yake mwenyewe. Kwa hiyo amekuwa akichangia kodi ya jengo kwa chumba ambacho, kwa mujibu wa ramani, kina gari.

Bibi alipofariki mwaka juzi, miaka sita baada ya babu, ilibidi nyumba ithaminiwe kwa ajili ya mirathi. Mthamini alipita na tepu yake, akaandika vyumba vinne vya kulala, sebule, jiko, boi kota, gereji moja. Mwalimu alikuwa anaanua nguo mlangoni, akamsalimia, akamkaribisha ndani apime. Alipima. Kisha akaandika gereji, na ukimuuliza atakuambia, kwa haki kabisa, kwamba yeye huthamini kilichoidhinishwa.

Kikao cha warithi kilikuwa na watu tisa, na gereji ilichukua muda mrefu kuliko nyumba yenyewe. Baba mdogo, yule aliyelala pale na harufu ya kuku, anataka pabomolewe pawe fremu mbili za maduka, kwa sababu barabara ya mbele siku hizi ina biashara. Shangazi anasema kodi ya chumba kile ndiyo iliyomnunulia bibi dawa za presha hadi siku ya mwisho, na kwamba mtu wa miaka kumi na moja hatolewi kama gunia. Mkataba wa maandishi haupo. Kuna daftari la bibi tu, lenye tarehe na kiasi, miezi sita sita, kila malipo na sahihi mbili. Nililiomba kwa ajili ya utafiti wangu. Baba mdogo aliuliza utafiti huo utatumika upande gani.

Wamekubaliana jambo moja: ramani mpya ichorwe, ili hati iendane na kilichopo. Kazi ya kumfuata mchoraji nimepewa mimi, kwa kuwa ndiye ninayeonekana kupenda mambo hayo. Alikuja, akapima, akarudi na mchoro safi wenye kila ukuta mahali pake, akauliza pale mbele aandike nini. Shangazi alisema aandike chumba na choo. Baba mdogo alisema aache gereji, kwa sababu gereji haina mpangaji. Mchoraji akasema atasubiri, akakiacha kisanduku kile kitupu.

Kodi ya mwalimu inaisha Desemba.