Sifa Isiyo ya Sauti: Mbwa Kiziwi na Historia ya Kuita Malampaka

Mbwa asiyesikia huhukumiwa mapema. Watu husema hafundishiki, kwani ataitikaje ilhali jina lake halimfikii? Chini ya hukumu hiyo imejificha imani kwamba mnyama huitwa kwa sauti na utii hupitia sikioni. Historia ya kazi mahali kama Malampaka, wilayani Maswa, inaikataa imani hiyo. Ni mji wa stesheni katikati ya wafugaji na wakulima wa pamba, na kwa takriban karne moja vitu vizito vimekuwa vikiitwa na kusimamishwa hapo bila kutamkwa neno. Sauti imebeba sifa ambayo kwa haki ni ya jicho, ngozi na mazoea.

Tuanze na reli, kwa kuwa ndiyo iliyouweka mji huu kwenye ramani. Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kwenda Mwanza, linalopita Shinyanga na Malampaka, lilikamilika mwaka 1928 chini ya Waingereza. Enzi za injini za mvuke, dereva aliyekaa kando ya tanuru na mngurumo wa chuma hakuweza kumsikia mtu aliyesimama chini, hata angepiga kelele namna gani. Kwa kazi ile alikuwa kiziwi. Kwa hiyo reli ilimpa bendera mchana na taa usiku: kijani apite, nyekundu asimame. Hakuna aliyedai kwamba dereva hafundishiki. Alifundishwa kuangalia mahali alama inapotokea, na alama ile ile ikabaki na maana ile ile siku zote.

Msomaji atasema, na ana haki, kwamba dereva ana akili, ana kanuni za kazi, na mwisho wa mwezi ana mshahara. Basi tumwache, tuende shambani. Kilimo cha pamba kilipopanuka Usukuma, eneo ilipo Malampaka, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, plau la kukokotwa na ng'ombe lilienea pamoja nacho. Namna ya kumfundisha dume jipya inajulikana: hufungwa nira moja na maksai mzoefu, mtu mmoja, mara nyingi kijana, akatangulia mbele akiwa ameshika kamba, na mwingine akafuata nyuma kwenye plau. Kelele ni nyingi, miluzi na majina na makaripio, na ndiyo maana mtazamaji hudhani ng'ombe anaongozwa kwa maneno. Lakini siku za mwanzo dume lile halijui neno lolote. Linageuka kwa sababu kamba imevuta, mwenzake amegeuka, na kijana wa mbele amebadili mwelekeo. Neno hufundishwa baadaye, likiegemea juu ya mambo hayo matatu. Ukiliondoa, mafunzo yatakuwa marefu kidogo, lakini jembe litafika mwisho wa mtaro.

Sayansi ya mbwa inaelekea huko huko. Mtoto wa mbwa huzaliwa masikio yakiwa yamefungwa, na hufunguka akiwa na umri wa wiki mbili hivi. Hadi hapo humfuata mama yake kwa harufu, joto na mguso. Ivan Pavlov wa Urusi hukumbukwa kwa kengele, ingawa maabara yake ilitumia pia mwanga na kuguswa kwa ngozi, na mate ya mbwa yalitoka vilevile. Mwaka 2002 Brian Hare na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mbwa hufuata kidole cha binadamu kinachoelekeza chakula vizuri zaidi kuliko sokwe anavyofanya, na kwamba hata watoto wa mbwa wana uwezo huo. Karne nyingi za kuishi nasi zimemfanya mbwa kuwa msomaji wa miili yetu. Mwenye mbwa kiziwi, basi, haanzi upya. Huchagua ishara moja iliyo wazi, tuseme mkono ulioinuliwa na kushushwa kifuani, huitoa mbwa akiwa karibu na akimtazama, kisha humpa kipande cha nyama papo hapo. Umbali huongezwa polepole, kwa kamba ndefu.

Pingamizi zito ni moja: ishara haina nguvu kwa mbwa aliyegeuza kisogo. Ni kweli, na hapo ndipo mafunzo yenyewe yalipo. Mbwa huyu hulipwa kila anapogeuka mwenyewe kumwangalia bwana wake, hata kama hakuitwa, mpaka kuangalia nyuma kunakuwa tabia. Usiku tochi huwashwa na kuzimwa. Ndani ya nyumba kisigino hupigwa sakafuni ili mtikisiko umfikie. Pingamizi jingine, kwamba mbwa wa kijijini ni wa kuzurura tu na hastahili taabu hiyo, halina mashiko. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na kampeni za kuchanja mbwa zilizofuata katika vijiji vya kandokando ya hifadhi zilionyesha kwamba mbwa wengi wa vijiji hivyo wana wenyewe. Waliletwa kwa kamba kwenye vituo vya chanjo, aghalabu na watoto. Mbwa anayeweza kuongozwa na mtoto hadi kwenye sindano hashindwi kufundishwa kutazama mkono.

Mpaka wa hoja hii upo, na tusiufiche. Reli mpya ya Mwanza–Isaka, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 2021, inapita ukanda huohuo wa Malampaka, na honi haimsaidii mnyama asiyesikia. Karibu na njia ya treni au barabara kuu, mbwa kiziwi abaki kwenye kamba, hata akiwa hodari wa ishara kiasi gani. Mazoezi ya kumwachia yafanyike ndani ya boma lililozungushiwa ua.