Chemba ya Chuma Iliyopima Kiu ya Miti

Mkoko husimama katika maji ya bahari, lakini maji yanayopanda ndani ya shina lake karibu hayana chumvi. Mvuvi wa Rufiji au Lamu aliyezoea kupita kati ya mikoko hana sababu ya kulishangaa jambo hilo. Kwa mtaalamu wa mimea ni fumbo zito. Chumvi ya bahari huyashikilia maji kwa nguvu inayofikia mara 25 ya shinikizo la hewa, kwa hiyo mti unaotaka kuyanywa lazima uvute kwa nguvu zaidi ya hiyo. Mti usio na moyo wala pampu unawezaje?

Aliyeanza kulipima jambo hili kwa vyombo ni Stephen Hales, kasisi wa Teddington, Uingereza. Huyu ndiye aliyefunga mrija wa kioo kwenye mshipa wa farasi ili aone damu hupanda kimo gani. Aliufanyia mzabibu vivyo hivyo: aliukata mwanzoni mwa majira ya kuchipua, akaunganisha mirija juu ya kisiki, na utomvu ukapanda zaidi ya mita 6. Kitabu chake cha 1727, Vegetable Staticks, ndicho msingi wa upimaji katika sayansi hii. Hata hivyo, alichokipima kwenye kisiki kile kilikuwa msukumo wa mizizi, na msukumo huo haufikishi maji kileleni mwa mti wa mita 100.

Katika miaka ya 1890 Eduard Strasburger, huko Bonn, alikata miti mirefu na kuisimamisha katika sumu. Sumu ilipanda ikiua chembe hai njiani, na bado maji yaliendelea kwenda juu. Basi si chembe hai za shina zilizokuwa zikiyasukuma. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly wa Dublin walitoa maelezo yao: maji yanapogeuka mvuke majanini, huyavuta yaliyo nyuma yake, na kwa kuwa maji hushikamana, uzi mzima huvutwa kutoka mizizini. Wengi hawakukubali. Maji kuvutwa kwa nguvu hivyo bila kukatika lilikuwa jambo gumu kuaminika, na hapakuwa na chombo cha kuupima mvuto huo ndani ya mti ulio hai. Dixon mwenyewe alijaribu kulifungia tawi ndani ya chemba ya kioo na kulishindilia gesi. Vioo vilipasuka, jaribio likaishia hapo.

Jibu lilikawia zaidi ya nusu karne, na likatoka kwa mtu aliyejulikana zaidi kwa utafiti wa wanyama. Per Fredrik Scholander, aliyezaliwa Sweden na kukulia Norway, alikuwa daktari aliyechunguza jinsi sili wanavyozamia kwa muda mrefu bila kuvuta pumzi. Akiwa katika taasisi ya Scripps, California, aligeukia mikoko. Yeye na wenzake walichukua chemba ya chuma badala ya kioo. Jani lililokatwa huingizwa ndani, kikonyo kikichungulia nje kupitia mpira uliobana. Kisha gesi ya nitrojeni hufunguliwa polepole kutoka mtungini. Jani linapokatwa, maji yaliyokuwa yamevutwa hurudi ndani ya mishipa. Gesi huyasukuma hadi yatokeze tena kwenye mkato. Hapo mpimaji husoma geji, kwa sababu shinikizo la kuyarudisha ni sawa na nguvu iliyokuwa ikiyavuta.

Ripoti yao ilichapishwa katika jarida la Science mwaka 1965. Mikoko ilionyesha mvuto wa mara 35 hadi 60 ya shinikizo la hewa, ilhali tairi la gari dogo hujazwa kama mara 2 tu. Bahari ilikuwa imeshindwa nguvu na majani! Kwa miti mirefu ya misonobari iitwayo Douglas, walitumia bunduki kuangusha vitawi vya juu, kisha wakavipima. Vya kileleni vilikuwa na mvuto mkubwa kuliko vya chini, kama ilivyotarajiwa, maana kila mita 10 za kimo hugharimu takriban kipimo 1 cha shinikizo la hewa. Mimi naliona jaribio hilo kuwa mojawapo ya majaribio mazuri kabisa ya karne ile, kwa sababu yeyote angeweza kulifuata kwa macho.

Mwaka 1967 watafiti Waring na Cleary walionyesha, katika jarida hilohilo, kwamba chemba inaweza kupima kiu ya miti porini. Jani likipimwa kabla ya alfajiri huonyesha hali ya maji udongoni. Likipimwa adhuhuri huonyesha mzigo wa jua. Wakulima wa zabibu na lozi California hukitumia kipimo hiki kuamua siku ya kumwagilia. Katika miaka ya 1990 watafiti wengine walitilia shaka namba zake. Mwaka 1995 wenzao walizungusha vitawi kwa kasi kwenye mashine ili wavizalishie mvuto unaojulikana, na chemba ikasoma sawasawa.

Chemba hii haihitaji umeme. Mtungi wa gesi, kisu kikali na miwani ya kulinda macho vinatosha, na zipo za kupampu kwa mkono. Pwani yetu ina mikoko, michu na mikandaa, na bara lina mikahawa, michai na mahindi yanayokaukiwa. Ombi langu kwa idara za kilimo na misitu katika vyuo vyetu ni kwamba kifaa hiki kisiishie kwenye mchoro wa kitabu. Kila mwanafunzi wa mimea akishike, akipeleke shambani kabla ya alfajiri, na asome geji mwenyewe.