Kudharau Bunge

Mtaani, dharau ni kubetua mdomo, au kumjibu mkubwa wako huku umempa kisogo. Bungeni unaweza kuita kila mtu “mheshimiwa” na bado ukapatikana nayo. Desemba 4, 2018, wabunge wa Uingereza waliamua kwa kura 311 dhidi ya 293 kwamba serikali ya Theresa May imelidharau Bunge. Walikuwa wameagiza ushauri kamili wa Mwanasheria Mkuu, Geoffrey Cox, kuhusu mkataba wa kujitoa Umoja wa Ulaya; wakaletewa muhtasari. Cox mwenyewe alisimama akajibu maswali, wapi! Kesho yake baada ya kura, barua ya ushauri huo ikatolewa, ikisema kisheria mpango wa mpaka wa Ireland uliomo katika mkataba ungeweza kudumu bila kikomo.