Topetope, tomoko, stafeli: nani mgeni?

Sokoni ukitaja topetope, Mtanzania anaelewa. Mkenya atakuuliza kama unamaanisha tomoko, na mtu wa Uvira aliyesoma Kifaransa atakwambia hiyo ni coeur de boeuf, yaani moyo wa ng'ombe. Kusema kweli haya ni matunda ya ukoo mmoja lakini si pacha. Topetope lina magamba yanayoachana ukilibonyeza. Moyo wa ng'ombe una ngozi laini zaidi na ukiiva unakuwa mwekundu au wa kahawia. Stafeli ndilo kubwa lao, la kijani, lina miiba laini, na uchachu wake ndio unafanya watu walikamue juisi.

Yote matatu yalitoka mbali: visiwa vya Karibi, Amerika ya Kati na pande za joto za Amerika ya Kusini. Watu wa huko waliyala zamani kabla Columbus hajafika mwaka 1492. Mhispania Gonzalo Fernández de Oviedo aliandika habari za stafeli mwaka 1526. Halafu meli za Wareno zikasambaza mimea ya huko, mahindi na mihogo pia. Wareno walishika Goa, India, mwaka 1510, na Mombasa walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, mpaka Waomani walipowatoa mwaka 1698.

India ndiko habari inanoga. Kule topetope linaitwa sitaphal, tunda la Sita, na moyo wa ng'ombe unaitwa ramphal, tunda la Rama mume wake. Ukiwa na jina kama hilo, nani atakuita mgeni? Karne ya 19 Mwingereza Alexander Cunningham aliona michongo ya kale kwenye mawe akasema hili ni topetope, kwa hiyo lilikuwepo kabla ya Wareno. Wengi walimpinga, na wasomi wakabishana miaka. Na sitaphal hiyo, itamke haraka haraka, utasikia stafeli yetu. Jina limehamia kwenye tunda lingine.

Sasa kuna ndugu wa nne, Annona senegalensis. Huyu ni wa Afrika hasa, anaota mwenyewe porini toka Senegali mpaka Msumbiji, Tanzania yumo, Kongo yumo. Kitunda chake ni kidogo, kikiiva ni cha njano na kinanukia vizuri sana. Hakubebwa na meli yoyote. Kiswahili kimemwita nani? Mtopetope mwitu! Yaani aliyekuja na meli kapewa jina kamili, mwenyeji kaitwa wa porini. Niliwaeleza vijana wa kikundi chetu wakacheka, halafu mmoja akasema: mimi nimezaliwa hapa hapa kambini, na karatasi yangu inaniita mgeni. Sikuwa na jibu la kumpa.

Watu wengi kambini hawapandi miti ya matunda, wanasema mwakani tutakuwa tumeondoka. Nyarugusu ipo tangu mwaka 1996. Mtopetope wa mbegu unaanza kuzaa kwenye miaka mitatu au minne. Piga hesabu mwenyewe.

Mbegu zake usitafune wala usisage, zina sumu, na unga wake ukiingia jichoni unaumiza vibaya. Wazazi waangalie watoto. Zitemeni, zioshwe, mbili au tatu zifukiwe nyuma ya nyumba kule maji ya kuoga yanakopita.