Wimbo Ambao Karembeu Hakuuimba

Juni 1996 timu ya Ufaransa ilikuwa Uingereza kwenye kombe la mataifa ya Ulaya. Jean-Marie Le Pen, kiongozi wa chama cha Front National, akalalamika kwamba imejaa wageni wasioimba wimbo wa taifa. Wageni gani? Wengi wao walizaliwa Ufaransa kwenyewe au katika visiwa vyake vya ng'ambo.

Aliyenyamaza kweli wimbo ulipopigwa ni Christian Karembeu, Mkanaki wa New Caledonia, visiwa vilivyotwaliwa na Wafaransa mwaka 1853. Nilipojua sababu yake, nami nilinyamaza. Mwaka 1931, wakati wa maonyesho makubwa ya makoloni mjini Paris, Wakanaki wapatao 100 walisafirishwa kwa ahadi kwamba watacheza ngoma zao. Walipofika wakawekwa katika bustani ya wanyama, wakatangazwa kuwa ni wala watu. Baadhi yao wakapelekwa Ujerumani, wakaonyeshwe huko nako. Miongoni mwao alikuwamo baba wa babu yake Karembeu.

Basi, mwaka 1998 Karembeu na wenzake wakatwaa Kombe la Dunia, na wengi wakadhani siasa za Le Pen zimezikwa. Wapi! Mwaka 2002 aliingia duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Mwaka 2022 binti yake, Marine, akapata asilimia 41 ya kura. Jina la chama lilibadilishwa mwaka 2018, lakini bado kinataka mtoto wa wageni asipate uraia kwa sababu tu amezaliwa Ufaransa.